Sufuria Inamfuata Samaki

Tak Wolseon alikuwa na miaka sitini na minane, mshona mablanketi ya pamba katika soko letu la Hongcheon, huku Korea, na katika ukoo wao mzima hakuna aliyekuwa na mdomo kama wake. Mteja akimbishia bei, humwambia aende akajifunike gazeti. Lakini mkono wake, jamani, ule ulikuwa mkono. Alikuwa akipitisha uzi kwenye tabaka tatu za pamba huku anaongea na kutazama pembeni, na dole gumba linamwambia kama uzi umekaza au umelegea. Miaka arobaini ya kazi ile ile. Likumbukeni dole gumba hilo, maana huko mbele tutalihitaji.

Basi, ukoo wa Tak una ada yao. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, jua likichoma hadi mbwa wanakosa nguvu ya kubweka, wote hushuka mtoni na sufuria. Siyo wao tu, huku kwetu nani asiyeshuka mtoni wakati wa joto? Mnavua, mnapika pale pale ukingoni, mnakula supu ya pilipili hadi masikio yanatoa jasho, mnarudi nyumbani mmechoka na roho zimetulia. Lakini akina Tak walikuwa na sheria yao, aliyoiweka marehemu baba yao: atakayevua nuchi mrefu kuliko wote siku hiyo ndiye anayeondoka na sufuria, na mwakani nyumba yake ndiyo inayowaita watu. Nuchi ni samaki wa maji ya kasi, mwenye midomo minene na ubishi wa punda. Hapimwi kwa mizani wala kwa utepe. Anapimwa kwa mwiko wa ile sufuria, mwiko mrefu wa mti, na mshindi wa mwaka hukatiwa alama kwa kisu. Mkato wa juu kabisa ni wa baba mwenyewe. Ulikuwa umekaa peke yake huko juu zaidi ya miaka hamsini.

Utauliza, na wanawake je? Hakuna aliyewakataza kuvua. Ungewauliza wanaume wa ukoo ule wangekuapia kwamba mto ni wa wote. Ila wanaume wakianza kuvua viatu, wanawake mikono imeshazama kwenye unga wa ngano, wanakanda donge la kukatia vipande vya supu, na mtu mwenye unga hadi kwenye viwiko ataingiaje mtoni? Unga ndio uliokataza. Wolseon aliukanda unga ule tangu ana meno ya utoto hadi anabandikwa ya bandia, na kila mwaka sufuria ilirudi kwa kaka yake, Jongman.

Mwaka huo, mwanzoni mwa mwezi wa saba, Jongman alimpigia simu dada yake kibandani. Akazunguka mbuyu weee, akauliza habari za mgongo, habari za mvua, mwishowe akatua. Magoti yake hayawezi tena mawe ya mtoni. Watoto wako mbali na wana shughuli zao. Kwa hiyo mwaka huu ndio wa mwisho, na wakubaliane tu. Kuhusu sufuria, mke wa Gyuho ameipenda, anataka kuipandia maua roshani kwake huko Suwon. Gyuho ni mtoto wa kwanza wa Jongman, mtu wa ofisini, mwenye heshima zake.

Wolseon akabaki ameshika simu. Sindano ilikuwa mdomoni, akaitoa asije akaimeza. Ile sufuria mama yake aliifukia chini ya stoo wakati wa vita ili isichukuliwe. Leo ikapandwe maua? Akamwambia kaka yake, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kwamba kama yeye amechoka, basi ampe yeye hiyo sufuria, ataita watu.

Jongman akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama kaka anavyomcheka mdogo wake wa kike aliyewahi kumbeba mgongoni. "Wolseon, sheria unaijua. Sufuria inamfuata samaki. Kavue."

"Umesema mwenyewe," akajibu, akakata simu.

Jioni hiyo hiyo alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani, akauangusha ule mwanzi mrefu wa kuangulia matunda nyuma ya nyumba, akaukata kwa msumeno. Jirani alimwona akadhani mama wa watu amepandwa na kichaa. Kumbe anatengeneza gyeonji, kile chombo cha wazee cha kuvulia: kijiti cha mwanzi kisichozidi urefu wa mkono, katikati kimetanuliwa kama kitu chenye mimba, na mshipi wote umezungushwa humo tumboni. Hakina mashine, hakina chuma, hakina kitu cha kuharibika. Ukitaka mshipi uende, unakiacha kizunguke kiganjani. Ukitaka urudi, unakizungusha mwenyewe. Kwisha.

Na mbona alijua kukitengeneza? Utotoni baba yao alikuwa akipasua mianzi kwa kisu, kisha anamwita Wolseon afunge maungio kwa uzi wa hariri, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vidogo na havikutetemeka. Alifunga vijiti vya ukoo mzima, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwa chake. Mara moja tu, akiwa na miaka kumi na moja, Jongman alilala na jipu, na baba akakosa mwenzake. Akamchukua Wolseon hadi katikati ya mto, maji yakamfika kifuani, akampa kijiti mkononi. Alimfundisha kuuvuta mshipi na kuuachia, kuuvuta na kuuachia, mwendo ambao wavuvi wa huku wanauita kupiga bandi, sawasawa na mshonaji anayeshikiza nguo. Akamwambia neno moja: mkubwa akija, mkono utataka kubana, wewe usiukubalie, lisikilize dole. Hakuja mkubwa siku ile. Jipu la Jongman likapona, Wolseon akarudi kwenye unga.

Wiki nne alishuka mtoni peke yake kila alfajiri kabla ya soko, na sokoni tulimcheka, tusidanganyane. Muuza pilipili alimuuliza kama samaki wamemwagizia blanketi. Alianguka, akapoteza kiatu, akarudi na nguo mbichi na mdomo umefunga. Lakini mkono ulikuwa unakumbuka. Wiki ya tatu tuliacha kucheka, kwa sababu alianza kutugawia samaki wadogo, na huwezi kumcheka mtu huku unamla samaki wake.

Jumapili ikafika. Wakateremka kwenye lile pindo la mto wanalolijua wao, chini ya mwamba, magari manne, matikiti maji, makabichi ya kuchachusha, chupa za soju, ile pombe ya huku, zikatumbukizwa majini zipoe. Jongman akawekewa kiti kivulini na mwiko mapajani, kwa kuwa magoti yalimfanya awe mwamuzi tu. Gyuho akafungua mkoba wake. Alikuwa na fimbo nyeusi nyepesi, mashine ya kukunjia mshipi inayong'aa, na kidude cha kuelea kinachomtumia picha za samaki kwenye simu. Wanaume wakamzunguka, kila mmoja anataka kushika.

Wolseon hakusubiri. Alivaa suruali ya marehemu mumewe, akaifunga kamba kiunoni, akatia funza kwenye kopo lililoning'inia shingoni, na mkononi akabeba kigingi na mfuko wa wavu wenye mashudu ya ufuta na pumba. Ndipo alipoitwa na wifi yake, mke wa Jongman, ambaye wote tunamwita Mama Gyuho. Mwanamke mpole, maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu. Aliuliza tu, nani atakanda unga?

"Unga upo, wifi, na mikono unayo," Wolseon akamwambia, akaingia majini.

Mama Gyuho akamtazama mgongo hadi alipofika katikati. Kisha akakunja mikono ya nguo.

Sasa, siku ile inakwisha hivi, na hii nayo ni ya tangu zamani: unga ukishatumbukizwa kwenye sufuria, mwamuzi anagonga chuma cha sufuria kwa mwiko mara tatu, na kila mtu anatoka majini. Samaki atakayevuliwa baada ya hapo ni samaki tu, hana sufuria. Kwa hiyo saa ya ukoo ule haikuwa ya mkononi. Ilikuwa ni lile donge la unga.

Wolseon akakipigilia kigingi kwenye changarawe, akafunga mfuko wa mashudu chini yake ili mkondo uyachukue kidogo kidogo kuwaita samaki, akaegemea, akaanza. Vuta, achia. Vuta, achia. Mshipi ukaenda na maji. Walikuja wadogo, wa urefu wa kidole, wakaingia kwenye kikapu alichokifunga kiunoni. Kutoka ukingoni wapwa walimpigia kelele kwamba shangazi anavua dagaa. Hakugeuka. Saa nne Gyuho, chini kidogo ya mto, akanasa nuchi. Fimbo ikapinda, mashine ikalia, dakika tatu samaki yuko ukingoni. Jongman akampima kwenye mwiko: amepita mikato ya miaka tisa iliyopita. Wanaume wakapiga makofi. Mke wa Gyuho akaanza kueleza ni maua gani atapanda.

Maneno yale Wolseon aliyasikia. Maji huyabeba maneno vizuri sana. Roho ikamuuma, na ile roho kuuma ndiyo iliyomponza, kwa sababu muda si mrefu mshipi ukasita, dole likasikia uzito, uzito wa kweli, na yeye akakisokota kijiti akakibana kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anyana mkoba na mwizi. Kosa la mgeni wa jana, na mwenye kulifanya ni mwanamke ambaye uzi haujamkatikia tangu kabla ya Gyuho kuzaliwa. Samaki akajirusha mara moja. Mshipi ukalegea. Umekatika.

Ukingoni mtu mmoja akasema "pole shangazi" kwa sauti ile ya kumwambia mtu aje sasa ale tikiti. Wolseon alijitukana kimoyomoyo matusi ambayo siwezi kuyasema hapa. Aliikata ncha ya mshipi iliyosagika, akafunga ndoana mpya kwa meno, na machozi yalimtoka kweli, ya hasira, akayaacha yaende na mto. Baba alimwambia neno moja tu maishani kuhusu uvuvi, na neno hilo hilo ndilo alilolisahau.

Supu ilikuwa imeshachemka. Pilipili iliyochachushwa, figili, vitunguu, majani ya kunukia, harufu ikatapakaa bondeni. Jongman, mtu wa tumbo, akaanza kuugeuzageuza mwiko. Akamwambia mkewe alete unga wamalize, watu wana njaa. Mama Gyuho akainua kitambaa, akaubonyeza unga kwa kidole, akaufunika tena.

"Haujalala," akasema, maana unga ukishakandwa hupumzishwa ulainike ndipo ukatwe.

Jongman akangoja, akauliza tena. Mama Gyuho akafunua, akaongeza maji kidogo, akaukanda upya kwa nguvu zake zote, akaufunika. Bado. Mke wa Gyuho akasema kwamba kwao unga unakandwa dakika tano tu na supu inaliwa. Mama Gyuho akamjibu, bila ya kuinua macho, kwamba kwao huenda wanakula mawe. Loo! Watu wakatazamana. Miaka thelathini na nane ndani ya ukoo ule, hilo lilikuwa neno lake kali la kwanza. Jongman akafungua mdomo, akamwona mkewe anatazama mtoni, akafuata macho yake hadi kwenye kofia ya dada yake katikati ya maji, akafunga mdomo. Mtu mzima anaelewa anachoambiwa hata kisiposemwa. Akaulaza mwiko mapajani.

Kule majini Wolseon hakuyajua hayo yote. Alijua tu kwamba mwiko haujagonga. Alivuta pumzi, akafumba macho. Vuta, achia. Akaacha kumfikiria Gyuho, akaacha kuyafikiria maua. Alifikiria pamba, tabaka tatu, na uzi unavyopita. Jua lilikuwa utosini na miguu imekufa ganzi. Vuta, achia. Vuta.

Mshipi haukurudi.

Mkono ukataka kubana. Akaukatalia. Akalegeza kiganja, na kile kijiti cha mwanzi kikaanza kuzunguka chenyewe, pole, halafu mbio, halafu mbio za kuchoma ngozi, mshipi unakimbilia kwenye maji meupe chini ya mwamba. Gyuho alikuwa ameshatoka majini. Aliruka jiwe moja baada ya jingine akimfuata samaki kwa macho, akamwita shangazi yake amkaze, atamaliza mshipi wote. Dole la Wolseon lilikuwa linamsikiliza samaki: sasa amegeuka, sasa anapumua. Akazungusha, mizunguko mitano. Samaki akakataa, akachukua kumi. Akampa. Akazungusha tena saba. Ndivyo walivyokwenda, wanapeana na kunyang'anyana, na ukingoni watu wakaacha matikiti, wakasogea hadi maji yakawafika magotini na viatu vyao vizuri vya mjini. Kwa sheria yao, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa wala kumletea wavu. Dakika ishirini na tano. Muuza pilipili anasema arobaini, lakini huyo hutia chumvi hata kwenye chai.

Mwishowe nuchi akaja juu, ubavu mweupe mpana, akalala kando ya kigingi anafungua na kufunga ile midomo minene. Wolseon akapitisha mkono chini ya tumbo lake, akamkumbatia kifuani kama mtoto wa watu, akatembea naye hadi ukingoni kwa Jongman.

Jongman akamlaza kwenye mwiko uliolowa. Mkia kwenye mpini. Akapeleka kidole polepole, akapita pale alipofikia samaki wa Gyuho, akaipita mikato yake mwenyewe, mmoja, wa pili, yote, akaufikia ule wa peke yake huko juu, wa baba. Kidole kikasimama. Pua ya samaki ilikuwa imeupita kwa upana wa ukucha.

Alimtazama dada yake, nguo zimemganda, suruali ya mume imeteremka, kiganja chekundu kimechubuka. Kisha akatoa kisu mfukoni, na mikono yake mwenyewe, kaka mkubwa wa ukoo, ikakata alama mpya juu ya ile ya baba. Akaikata vizuri, bila ya haraka, akaipuliza vumbi.

"Baba alikosea," akasema. "Miaka yote alimpeleka mtoni mtoto asiyestahili. Na mimi nilijua, Wolseon. Tangu siku ya lile jipu, nilijua."

Wolseon, mwanamke wa maneno elfu, akainama kwenye mwiko. Akambeba samaki, akarudi naye kwenye maji yanayofika kiunoni, akamshika kichwa kikiwa kimeelekea mkondo hadi alipopata nguvu, akamwachia. Mtoto mmoja akalalamika, tutakula nini sasa? Akaambiwa kuna dagaa wa shangazi. Wakacheka wote, na Wolseon akacheka kuliko wote, cheko la kupiga mapaja, hadi meno ya bandia yakataka kumtoka.

Mama Gyuho akafunua kitambaa. "Unga umelala," akasema, akaanza kuukata vipande. Jongman akagonga chuma mara tatu.

Walikula hadi sufuria ikakwanguliwa. Gyuho alikuja kukaa karibu na shangazi yake, akaomba akishike kile kijiti. Akakizungusha kiganjani, akakizungusha tena, akasahau simu yake juu ya jiwe. Mkewe naye, sitamsema vibaya, ndiye aliyeisugua sufuria kwa mchanga hadi ikang'aa, akasaidia kuibeba hadi kwenye gari la Wolseon. Alisema maua atayapanda kwenye ndoo.

Kabla ya kuondoka Wolseon alisimama mbele ya ukoo wake, amejifunga taulo, akawaita rasmi, kama sheria inavyotaka: mwakani, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, pindo hili hili, nyumba ya Tak Wolseon inawaalika. Kisha akachomoa ule mwanzi uliobaki chini ya kiti cha gari, ulikuwa bado unatosha vijiti viwili, akampa wifi yake mkononi. Mama Gyuho akaupokea kwa mikono miwili, uso umemwiva.

Jongman akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayejua jibu, kama wote wawili watakuwa majini, kazi ya ukingoni itafanywa na nani.

"Wewe magoti yanakuuma, kaka," Wolseon akamwambia. "Mikono haiumi. Unga ni wako."